Hasira Saa Tano, Kukubali Saa Kumi

Mimi ni fundi viatu, Soweto, Mbeya. Nimesoma mpaka darasa la saba, na hata huko nilikuwa mtu wa katikati. Nasema hili mapema ili msomaji asije akanidai zaidi ya nilicho nacho. Mambo ya saikolojia yaliyomo humu nilifundishwa na binti wa dada yangu kwa siku moja, msibani, nyuma ya jiko, kwa kipande cha mkaa na ukuta. Nikikosea mahali, kosa ni la mwanafunzi.

Aliyefariki alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Alikaa chini kupumzika katikati ya shamba lake la viazi, akamwambia jirani kwamba anasikia uzito kifuani, na hakuinuka tena. Kijiji chao kiko mbele kidogo ya Tosamaganga, Iringa. Nilipanda basi la alfajiri kutoka Mbeya, nikafika, tukazika, watu walikuwa wengi na mvua haikunyesha. Kwa upande wa mazishi sina la kulalamika.

Mimi msibani ni mtu wa kukaa. Wapo wanaolia, wapo wanaochanja kuni, wapo wanaosimulia habari za misiba mingine mikubwa zaidi ya huo. Mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki naangalia viatu vya watu. Si kwamba sina uchungu. Shemeji huyu alikuwa rafiki yangu kwa miaka thelathini na moja. Ila uchungu wangu hautoki nje, unabaki ndani unanikalia mgongoni, na mtu akinitazama anaona tu mtu anayetazama soli.

Shida ilikuwa kwa dada. Tangu mumewe aletwe nyumbani kutoka shambani, dada hakutia chakula mdomoni. Alikaa kwenye godoro sebuleni, ameegemea ukuta, wanawake wamemzunguka, na kila aliyempelekea sahani alijibiwa neno moja.

"Baadaye."

Wakileta uji: "Baadaye." Wakileta chai: "Baadaye." Hakugomba wala hakulia. Alisema baadaye kwa adabu, kama mtu wa ofisini anayejua kwamba faili lako halipo. Na dada yangu ana kisukari. Siku ya pili baada ya mazishi alikuja muuguzi, mama mmoja wa pale kijijini, akampima, akatutoa nje mimi na binti wa dada. Akasema: "Vidonge hivi bila chakula ni hatari, na kuviacha ni hatari. Kesho jioni kama bado hajala, mtafute gari mumpeleke hospitali akatundikiwe maji. Na nisingependa afike huko."

Binti wa dada anasoma ushauri nasaha, chuo kimoja pale Iringa mjini, mwaka wa tatu. Baba yake ndiye tuliyemzika, lakini tangu nifike sikumwona akilia. Alikuwa na daftari. Alizunguka na daftari hilo kila mahali, anaandika, analifunga, analifungua. Muuguzi alipoondoka, akaniambia, "Mjomba, njoo nikuonyeshe kitu."

Akanipeleka nyuma ya jiko, akaokota mkaa, akachora ukutani mlima wenye ncha. Akaukata kwa mistari ukawa na ghorofa tano.

"Haya ni mahitaji ya binadamu," akasema. "Chini kabisa chakula, maji, usingizi. Juu yake usalama. Juu yake kupenda na kupendwa. Juu yake heshima. Huku kileleni ni kuwa kile ulichozaliwa uwe. Huwezi kupanda ghorofa ya juu kama ya chini haijajaa."

Nikautazama mlima ule. Ulichorwa vizuri.

"Mama yako yuko ghorofa ya ngapi?"

"Hapo ndipo nilipokwama." Akaugonga ukuta kwa mkaa. "Kwa mujibu wa huu, mtu mwenye njaa hawezi kushughulika na mapenzi mpaka ashibe. Yeye ana njaa, na anashughulika na mapenzi tu."

"Labda ameingilia dirishani."

Hakucheka, na mimi sikusema ili acheke. Nilisema kwa sababu nimewaona watu wa namna hiyo kibandani kwangu. Yupo aliyekuja midomo imemkauka kwa njaa, siku nzima hajala, akanipa kiatu nimpigie rangi kwa sababu kuna mwanamke atapita njia ile saa kumi. Huyo ukimwambia kuhusu ghorofa ya chini atakuambia ongeza rangi kwenye kisigino. Nikamweleza mpwa wangu, akaandika kwenye daftari.

Kisha akafungua ukurasa mwingine, una duara lenye rangi kama mwavuli wa matangazo. Hilo ni gurudumu la hisia. Katikati kuna hisia kubwa, pembeni zile ndogo zinazozaliwa nazo.

"Wewe mjomba uko wapi humu?"

Nikalitafuta kwa uaminifu. Nilizunguka mara mbili.

"Simo."

"Lazima umo. Unasikia nini sasa hivi?"

"Mgongo."

"Mgongo si hisia."

"Ndio ninaousikia."

Akaandika "mgongo" na akaweka alama ya kuuliza. Halafu ukurasa wa tatu, ambao ndio ulioleta balaa. Huo ulikuwa na hatua za majonzi, tano: kukataa, hasira, mapatano, huzuni kubwa, kukubali. Akanieleza kwamba kwanza mtu anakataa kuwa msiba umetokea. Kisha anakasirika. Kisha anataka kupatana na Mungu, nifanye hivi unirudishie. Kisha anazama. Kisha anakubali. Mama yake, akasema, yuko hatua ya kwanza, anakataa, na sahani ya msiba akiila itakuwa amekubali kwamba kuna msiba.

Hilo lilinigusa. Nikamwambia kwa kweli hapo wamesema kitu.

"Lakini hatua haziendi kwa saa," akasema. "Wengine wanarudi nyuma, wengine wanaruka. Hata walimu wanasema tusizishike kama ngazi."

Natamani Katibu angekuwepo kuisikia sentensi hiyo. Katibu wa kamati ya msiba alikuwa jirani, mzee aliyestaafu kazi ya ukarani, mtu ambaye akikuta karatasi imeandikwa kwa mistari iliyonyooka hawezi kuiacha. Mpwa wangu alikuwa amezinakili zile hatua kwenye karatasi safi ampe katekista, kwa kuwa katekista ndiye aliyekuwa akizungumza na dada. Karatasi akaiweka mezani chini ya turubai, akaibana kwa jiwe. Kesho yake ilikuwa siku ya kuanua matanga, na Katibu alikuwa akihangaika kutafuta ratiba ya familia. Akaikuta.

Asubuhi, mbele ya watu kama mia, msemaji wa msiba akashika kipaza sauti, akaanza na salamu ya kwao.

"Kamwene wote. Ndugu waombolezaji, ratiba yetu ya leo, kama ilivyoletwa na familia, ni kama ifuatavyo. Saa tatu kamili, kukataa. Saa tano, hasira. Saa sita na nusu, mapatano. Saa nane, chakula. Saa tisa, huzuni kubwa. Saa kumi, kukubali, na baada ya hapo sala ya kufunga. Tunaomba tuzingatie muda."

Katibu alikuwa ameongeza saa kwa mkono wake, na chakula pia, kwa sababu hajawahi kuona ratiba ya msiba isiyo na chakula. Watu waliitikia vizuri. Watu wa kule ni wa adabu, wakiambiwa na familia wanafuata. Hakuna aliyeuliza kukataa ni nini, kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

Mpwa wangu alipotoka jikoni mikono ina unga, ilikuwa saa tatu na nusu na watu walikuwa wamekaa kimya, wanakataa.

"Mjomba, wamefanya nini?"

"Wamekufuata."

Akaenda kwa Katibu kumweleza kwamba ile si ratiba. Katibu akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, imeshatangazwa."

Basi ikawa hivyo. Wazee wa ukoo wa marehemu walikutana pembeni, wamekunja nyuso, kwa sababu ya neno mapatano. Mmoja wao akaniita.

"Shemeji, tuambie ukweli. Nani kaomba mapatano? Mali ya marehemu haizungumzwi mpaka matanga yaishe. Ninyi watu wa Mbeya mna haraka gani?"

Nikasema si ya mali, ni ya kupatana na Mungu. Akanitazama. "Na Mungu amekubali saa sita na nusu?"

Saa tano ilipopita akafika bibi mmoja kwa miguu kutoka kijiji cha tatu, fimbo mkononi, anahema. Kabla hajasalimia akamshika msemaji mkono. "Hasira imeshapita? Nimechelewa na ng'ombe." Akapewa kiti na maji, akaambiwa asijali, wenzake wengi nao hawakuiwahi.

Nacheka sasa ninapoandika. Siku ile sikucheka, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda na ile jioni ya muuguzi inakaribia, na pia kwa sababu kulikuwa na kazi yangu.

Kazi yenyewe ni hii. Kule, siku ya kuanua matanga, shemeji ndiye mtani. Anavaa koti na kofia ya marehemu, anatembea kama yeye, anatoa amri kama yeye, anamkejeli mbele ya wafiwa mpaka wacheke. Asipofanya, matanga hayajaanuliwa vizuri. Kwa upande wetu mwenye kipaji hicho ni mdogo wangu wa mwisho. Huyo akimwigiza marehemu, marehemu mwenyewe angekoma. Lakini mdogo wangu alikuwa anakuja na gari la rafiki yake, na gari likamfia njiani, Nyololo. Alipiga simu saa moja asubuhi: fundi ameitwa. Alipiga saa nne: fundi amekuja. Alipiga saa saba: fundi amesema aitwe fundi.

Shangazi wa marehemu ndiye aliyenifuata. Mwanamke wa miaka themanini na kitu, meno mawili, ulimi mzima.

"Wewe uliyekaa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Ndiwe shemeji?"

"Ndimi, shangazi."

"Inuka utanie. Mke wa mtoto wangu anatufia pale ndani, wewe unahesabu viatu."

Mpwa wangu akaingilia kati. Alikuwa amesimama na daftari kifuani. "Bibi, samahani. Sisi darasani tunaambiwa mtu aliye kwenye majonzi usimchekeshe. Unaweza kumuumiza. Anatakiwa asikilizwe."

"Asikilizwe nini na hasemi?"

Binti akafungua daftari. Bibi yake akamshika shavu. "Sikiliza, mjukuu. Mfiwa akiachwa na huzuni peke yake, tumbo linajifunga. Akicheka hata kidogo, linafunguka. Mimi nimefiwa na waume wawili na watoto wanne. Kila mara walikuja mashemeji wakanitukania maiti yangu, na kila mara nilikula. Ndio maana wamepewa kazi hiyo. Unafikiri wamepewa kwa sababu ya uzuri? Mwone huyu."

Mpwa wangu akaandika. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeogopa kumpoteza na mama. "Mjomba. Unaweza kuchekesha?"

"Hapana," nikasema, kwa kuwa siwezi.

Nikavaa koti. Lilinipwaya mabegani, na mfukoni mlikuwa na kiazi kidogo cha mbegu. Nikavaa kofia. Nikatembea kutoka kwenye turubai mpaka mlango wa sebule kwa mwendo wa shemeji, na shida ni kwamba shemeji alikuwa na mwendo wa kawaida. Mdogo wangu angeongeza kitu hapo, angebinua kiuno, angepiga chafya kama tarumbeta. Mimi nilitembea kama alivyotembea hasa. Watu wakanitazama kwa huruma. Mtoto akamuuliza mama yake kama nimepata kiharusi.

"Shemeji," shangazi akasema kwa sauti, "unatania au unatafuta choo?"

Hapo watu walicheka, lakini walimcheka mtani, si marehemu, na kwa utaratibu huo inakuwa si kazi. Nikachungulia ndani. Dada hakuinua kichwa. Mbele yake kulikuwa na bakuli la uji, limewekwa kisahani juu kuzuia nzi.

Nikajaribu amri. Marehemu alikuwa na kawaida ya kusema, "Nani kafungua mlango wa nguruwe?" Nikasema, "Nani kafungua mlango wa nguruwe?" Jirani mmoja akatoka mbio kwenda kuangalia.

Saa kumi ikafika. Msemaji akatangaza kwamba sasa ni kukubali, waombolezaji wote wasogee karibu na sebule. Walisogea. Madirisha yakajaa vichwa. Nilisimama mbele ya godoro la dada na koti la mtu mwingine, najua kwamba saa moja na nusu kutoka hapo tutamnyanyua kwenda kwenye gari. Sikuwa na utani hata mmoja. Nikavua kofia, nikavua koti, nikalikunja, nikakaa sakafuni.

"Dada," nikasema, "mimi sijui kutania, wewe unajua. Nitasema kitu kilichotokea. Siku mumeo alipokuja nyumbani kukuposa, hakuwa na malaria."

Kichwa chake hakikuinuka, lakini kidole kilichokuwa kikichezea pindo la kanga kilisimama.

Hapa lazima nieleze. Siku ya posa, shemeji na wazee wake wawili walikuja kwetu, milimani juu ya Mbeya, kutoka Iringa. Kwa desturi ya nyumbani kwetu muoaji anabaki nje mpaka wazee wamalize kuzungumza ndiyo aitwe. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nikaambiwa nikae naye kwenye banda la viazi. Walipokuja kumwita alikutwa amelala, haamki, na anaposhikwa anatetemeka. Ikasemwa ni malaria ya safari. Dada akamuuguza siku mbili. Hivyo ndivyo watu wote walivyojua kwa miaka thelathini na moja. Mimi sikuwahi kusema uongo juu ya jambo hilo. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Walikuja na ulanzi," nikaendelea, yaani ile pombe ya mianzi. "Dumu la lita ishirini, zawadi ya kumpa baba. Wazee wakaingia ndani, dumu likabaki nasi bandani. Mumeo alikuwa anamwogopa baba sana. Akaniuliza kama kuna kikombe. Nikampa kikombe. Hakuishia kikombe kimoja. Akanywa mpaka dumu likawa nusu."

Mwanamke mmoja karibu na mlango alijifunika mdomo kwa kanga.

"Tukaona tutaumbuka. Tukaongeza maji ya mfereji. Yeye alishika dumu, mimi nilishika faneli. Faneli yenyewe ilikuwa ya mafuta ya taa. Baba alipoonja alisema ulanzi wa Iringa ni mwepesi sana, bila shaka watu wake ni wapole. Akasema una kaharufu, labda ndivyo mianzi yao ilivyo."

Dada akainua kichwa. Macho yake yalikuwa makavu, yamevimba.

"Alikuwa na homa," akasema.

Ndilo neno la kwanza tofauti na baadaye kwa siku nne.

"Hakuwa na homa."

"Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa la moto."

"Alikuwa amelala karibu na jiko la mkaa."

"Alikuwa anatetemeka."

"Alitetemeka kila aliposikia sauti ya baba."

"Nilimpa vidonge."

Hapo nilinyamaza. Nataka niseme kweli juu ya kunyamaza huko. Sikuwa nasubiri watu wacheke. Niliogopa. Nilijua kwamba siku zile mbili, uji aliompikia, mablanketi aliyomfunika, ndiko mapenzi yao yalikoanzia, mwenyewe alikuwa akisimulia hivyo kwa kila binti aliyeolewa. Na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, mumewe ana siku tatu kaburini, namnyang'anya mume mara ya pili. Nilimtazama mpwa wangu. Daftari lilikuwa limefungwa, amelikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Jibu," dada akasema. "Nilimpa vidonge. Vidonge vya malaria."

"Alivitema. Nilivifukia nyuma ya banda."

"Vile vidonge," akasema polepole, "nilitembea mpaka zahanati. Kwenda na kurudi. Na mvua."

"Ndiyo. Alikuona kupitia upenyo wa banda unarudi umelowa. Akaniambia, shemeji, sasa siwezi kupona kabla ya keshokutwa, itakuwa ni kumdharau."

Mabega ya dada yakaanza kutikisika. Mama aliyekaa kushoto kwake, mtu mwema, akadhani kilio kimekuja hatimaye, akaangua cha kwake kumsindikiza. Wengine wawili wakapokea. Kumbe dada alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, mkono kifuani, machozi yanatiririka, na wale walioangua kilio walipogundua walinyamaza mmoja mmoja kwa aibu.

"Mwongo mkubwa," akasema dada, na hapo sauti ikapanda. "Mwongo yule. Miaka yote. Kila akiumwa malaria ya kweli namwambia afadhali hii, si kama ile ya kwanza. Na yeye anaitikia. Anasema, ile ya kwanza, mke wangu, ilikuwa kali. Mwongo asiye na haya. Ananiacha na viazi shambani havijavunwa, na nguruwe ana mimba, na hata malaria yake ilikuwa ya uongo."

Alipiga godoro kwa kiganja. Alimsema mumewe kwa muda mrefu, mbele ya kadamnasi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwetu, mambo mengine si ya kuandika. Dirishani nilimsikia Katibu akinong'ona, "Hasira ilikuwa saa tano," na shangazi wa marehemu akamjibu, "Nyamaza wewe na saa yako."

Nilipomtazama tena mpwa wangu, alikuwa amekaa chini. Daftari lilikuwa limemponyoka, uso ameuficha kwenye magoti, anamlilia baba yake kwa sauti kubwa kama watu wote. Hakuna aliyemzuia. Bibi yake, yule shangazi, aliingia akamwekea mkono kichwani akauacha hapo.

Dada aliposhiba kumsema mumewe, alikaa akihema. Kisha akafunua bakuli lililokuwa mbele yake.

"Uji huu umepoa. Nani anampa mgonjwa uji wa baridi?"

Wanawake watatu waliinuka kwa pamoja, wakagongana mlangoni. Ukaletwa wa moto, wa ulezi. Muuguzi alikuwepo pale dirishani, alinyoosha vidole kunionyesha kwamba vidonge ni baada ya nusu bakuli, si kabla. Dada akashika kijiko. Alikitia mdomoni kimoja, akakaa nacho muda, akameza. Kisha akasita, kijiko hewani, na nikaona uso unaanza kurudi kule ulikokuwa, ukutani, kwenye baadaye.

"Mdogo wangu."

"Dada."

"Alisema itakuwa ni nini? Kama angepona mapema."

"Kukudharau."

Akala kijiko cha pili.

"Alisema hivyo mwenyewe? Hujaongeza?"

"Sijui kuongeza, dada."

"Najua hujui. Ndio maana nauliza." Alikoroga uji. "Hebu anza tena. Anza pale alipoomba kikombe."

Nikaanza tena, kikombe, dumu, faneli. Nilisema maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, na nilipofika mwisho alinitazama akisubiri, bakuli bado lina robo, nikaona bora nirudi mwanzo.